Paka Anaharisha: Je, Kosa ni la Chakula?

Barua zilizotufikia kwa ajili ya safu ya toleo hili zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinazunguka jambo moja: paka ametapika au ameharisha, na mwenye paka amekitilia shaka chakula. Tumezifupisha bila kugusa maana yake. Kwa kuwa ya kwanza imebeba maswali ambayo wengine wameyauliza kwa vipande, jibu lake limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

SWALI: Daktari, nina paka wawili, jike wa miaka 9 na dume wa miaka 2, na wote wamekuwa wakila chakula kikavu cha aina moja tangu niwachukue. Chakula kile kilipoadimika nilinunua cha kampuni nyingine na kuwabadilishia siku hiyo hiyo. Baada ya siku mbili dume akaanza kuharisha, na mara moja moja hutapika. Tangu hapo nimejaribu aina nyingine mbili, nikampa na wali kwa maziwa ili tumbo litulie, lakini sasa ni wiki ya tatu na kinyesi bado ni laini mno. Anacheza na kula kama kawaida. Jike hana tatizo lolote. Jirani ananiambia kwamba vyakula vya paka vya dukani vyote ni sumu na niachane navyo. Je, ni chakula kweli? Na kama ni chakula, mbona mwenzake yuko salama?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyoeleza mambo, yaelekea tatizo lilianzia kwenye bakuli, lakini sioni sababu ya kusema kwamba chakula kipya ni kibovu. Kilichomvuruga paka wako kwanza ni mabadiliko ya ghafla, na kinachoendelea kumvuruga, kwa maoni yangu, ni zile juhudi za kumtuliza, maana katika muda wa wiki 3 utumbo wake umepokea vyakula vitatu vigeni, pamoja na wali na maziwa, bila kupata nafasi ya kuzoea hata kimoja.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, utumbo wake ni mfupi ukilinganishwa na wa wanyama wala majani, na bakteria wanaoishi humo hukaa kwa kadiri ya kile anachokila kila siku: wingi wa protini, aina ya mafuta, kiasi cha nyuzinyuzi. Chakula kikibadilishwa kwa mkupuo mmoja, sehemu isiyomeng'enywa vizuri hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko huichachusha, maji huvutwa kuingia ndani ya utumbo, na matokeo yake ndiyo hayo unayoyakuta kwenye sanduku la mchanga. Kwa sababu hiyo madaktari wa wanyama husisitiza kwamba badiliko lifanywe kwa muda wa siku 7 hadi 10: robo ya chakula kipya kwa robo tatu ya cha zamani katika siku za mwanzo, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu ya kipya kwa robo ya cha zamani, na mwisho kipya peke yake. Paka mwenye tumbo jepesi huenda akahitaji wiki 2 au zaidi, na hakuna anayekudai haraka.

Maziwa uyaache leo. Kitoto cha paka huzaliwa na laktasi ya kutosha kuvunja sukari ya maziwa ya mama yake, lakini kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya kuachishwa kunyonya, na sukari isiyovunjwa huvuta maji utumboni na kuzidisha kuharisha kule kule ulikotaka kukuzuia. (Picha ya paka akilamba kisahani cha maziwa imezoeleka mno, hata wanaojua madhara yake hujisahau.) Wali hauna ubaya mkubwa, ila hauna msaada pia, kwa kuwa unamjaza mla nyama kwa wanga wakati anahitaji protini inayomeng'enywa kwa urahisi.

Jambo ambalo hukulitaja, nami ningependa ulipime kabla ya lingine lolote, ni kiasi. Paka wa kilo 4 anayeishi ndani na aliyehasiwa huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Vyakula vikavu vingi vina kilokalori kati ya 350 na 400 au zaidi kidogo katika kila gramu 100, maana yake ni kwamba chakula cha kutwa nzima hakizidi sana gramu 50 hadi 60. Wengi wetu hupima kwa kikombe au kwa kiganja, na kikombe kile kile kilichokuwa sawa kwa chakula cha zamani chaweza kubeba chakula kingi zaidi punje zikiwa ndogo, au nishati nyingi zaidi mafuta yakiongezwa. Paka akazidishiwa bila mwenyewe kujua, kinyesi kikawa laini, lawama ikaenda kwa kampuni. Tafuta mizani ya jikoni, soma maelekezo ya mfuko kwa uzito wa paka wako, na upime kwa gramu.

Kuhusu kutapika, ningependa ulitazame tukio lenyewe badala ya kukuta uchafu sakafuni na kukisia. Paka anayetapika hujikunyata, tumbo hubana na kuachia mara kadhaa kwa sauti, kisha hutoa chakula kilichokwisha kulainika, pengine na majimaji ya njano. Paka anayecheua huinamisha kichwa tu, na chakula humtoka bila nguvu yoyote, punje zikiwa nzima, zimevimba kwa unyevu na kushikamana katika umbo refu jembamba la umio zilimotoka. Likiwa la pili, tena dakika chache baada ya kula, basi huenda dume wako anabugia kwa pupa kwa sababu anakula ubavuni mwa mwenzake. Watenge wakati wa chakula, gawa posho ya siku katika mafungu manne au matano, na umtandazie chakula kwenye sinia pana ili asiweze kuchota mdomo mzima. Asipobadilika, mweleze daktari ulichokiona, kwa sababu kucheua kwa muda mrefu kunaweza kutokana na ugonjwa wa umio wenyewe.

Unauliza kwa nini jike yuko salama. Usalama wake haukiondolei chakula shaka, kwa kuwa paka wawili wa nyumba moja wanaweza kutofautiana kabisa katika kile ambacho matumbo yao yanakistahimili. Lakini unafungua mlango mwingine ambao haufai kupuuzwa: dume ni kijana, na paka wa umri huo mara nyingi huwa na wageni utumboni, kama vile minyoo, Giardia, au kijidudu kiitwacho Tritrichomonas ambacho huenea hasa pale paka wengi wanapokaa pamoja. Mdudu wa namna hiyo aweza kukaa kimya mpaka chakula kibadilike na utumbo ukose utulivu, ndipo dalili zitokeze. Kuharisha kuliofikia wiki 3 huhesabiwa kuwa ni kwa muda mrefu, kwa hiyo sikushauri usubiri tena: chukua kinyesi kibichi cha siku tatu, kihifadhi katika jokofu ndani ya chombo kilichofungwa, ukipeleke kwa daktari wa wanyama pamoja na paka mwenyewe. Siku tatu ni kwa sababu Giardia haitoki katika kila kinyesi, na kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi.

Wakati huo huo fanya jaribio ambalo litakupa jibu la swali lako la kwanza. Kikipatikana tena kile chakula cha zamani alichokuwa akikila bila shida, mrudishie hicho peke yake, pamoja na maji, kwa wiki 2. Kisipopatikana, chagua kimoja kati ya ulivyo navyo, kile ambacho kinyesi kilikuwa na nafuu zaidi, na usikibadilishe tena kwa muda huo huo. Vitafunio viondoke, mabaki ya mezani yaondoke, na kila aliye nyumbani ajue hivyo, kwa maana majaribio mengi huharibiwa na mkono wa mtu mmoja mwenye huruma. Kila siku andika mstari mmoja: amekula gramu ngapi, ametapika au la, na kinyesi kilikuwaje. Madaktari hutumia kipimo cha alama 1 hadi 7, ambapo 1 ni kigumu kikavu cha vipande vipande na 7 ni maji matupu. Anayekaa kwenye 2 au 3 yuko vizuri. Angalia pia namna anavyojisaidia. Akitoa kinyesi kingi mara chache huku akikonda, shaka iko kwenye utumbo mwembamba. Akienda mara nyingi, akijikamua na kutoa kidogo chenye ute au damu mbichi, shaka iko kwenye utumbo mpana. Tofauti hiyo, ikiwa imeandikwa kwa tarehe, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Akipona katika wiki hizo, usiishie hapo ukasema umeshajua mkosaji. Paka wengi hupona kwa sababu muda umepita, na chakula kilichokuwapo siku hiyo kikapewa sifa kisizostahili. Mrudishie kile chakula cha kampuni nyingine, safari hii polepole kwa siku 10 nilizotaja. Akikipokea vizuri, kosa lilikuwa la mabadiliko ya ghafla. Akiharisha tena, na akipona tena ukikiondoa, hapo una ushahidi, na chakula hicho hakimfai yeye, hata kama jike atakila mpaka uzee wake. Hatua hii ya kurudisha ndiyo ambayo karibu kila mtu huiruka, naelewa kwa nini, kwani hakuna apendaye kumsumbua mnyama aliyepona. Lakini bila hiyo utabaki kuzunguka madukani kwa kubahatisha.

Neno moja la tahadhari: usimfungishe chakula ili kulipumzisha tumbo, kama watu wanavyofanya kwa mbwa. Paka asiyekula kwa siku 2 au 3, hasa akiwa mnene, anaweza kukusanya mafuta kwenye ini hadi ini lishindwe kazi, na ugonjwa huo huua. Na usisubiri jaribio limalizike ukiona damu nyingi au kinyesi cheusi cha kunata, akitapika mfululizo bila kubakiza hata maji, akinyong'onyea, au akikataa kula kwa kutwa nzima. Kwa kitoto cha paka vipindi hivyo ni vifupi zaidi, kwa sababu maji humwishia mwilini upesi.

SWALI: Daktari, paka wangu hutapika kila baada ya siku chache na hujikuna kichwani na shingoni hadi manyoya yananyonyoka. Nimeambiwa ni mzio wa nafaka, na kwamba kuna kipimo cha damu kitakachotaja chakula kinachomdhuru. Nikifanye?

JIBU: Fedha ya kipimo hicho ingefaa zaidi ukaitumia kwingine, maana vipimo vya damu na vya mate vya mzio wa chakula kwa paka haviaminiki: huwaonyesha wazima kuwa wagonjwa, na wagonjwa kuwa wazima. Dhana ya nafaka nayo inatokana zaidi na matangazo kuliko na uchunguzi. Paka wenye mzio wa chakula uliothibitishwa, wengi wao wamekuwa wakidhurika na protini za wanyama, na zinazoongoza ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku, yaani zile zile zinazojaa katika vyakula vingi vya paka. Mfuko ulioandikwa kwamba hauna nafaka, lakini ndani umejaa kuku, hautamsaidia paka anayedhurika na kuku.

Kwanza hakikisha kwamba hana viroboto, kwa sababu mate ya kiroboto mmoja tu yanatosha kumwasha paka mwenye mzio nayo, na dalili za ngozi hufanana sana. Kisha omba daktari akusimamie katika mlo wa majaribio, ambao ndio kipimo cha kuaminika. Paka hupewa chakula chenye protini ambayo hajawahi kuila, kwa mfano sungura ikiwa maisha yake yote amekula kuku na samaki, au chakula maalumu ambacho protini yake imekatwakatwa vipande vidogo mno kiasi kwamba kinga ya mwili haivitambui. Dalili za tumbo huwa zinaanza kupungua katika wiki 2 hadi 4. Ngozi huchukua muda zaidi, kwa hiyo kwa paka wako jaribio lisipungue wiki 8. Ndani ya muda huo hakipiti kitu kingine mdomoni mwake, hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama, labda daktari aruhusu. Dalili zikitoweka, anarudishiwa chakula cha zamani, na zikirejea ndipo mzio, au walau kutostahimili chakula hicho, utakapokuwa umethibitika.

Kuna jambo linalochanganya watu hapa. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili na waweza kuzuka dhidi ya chakula ambacho paka amekila kwa miaka. Kwa hiyo hoja ya kwamba amekila siku zote bila shida haikiondolei chakula hicho lawama. Kutostahimili, kama ilivyo kwa maziwa, hakuhusiani na kinga, hutegemea kiasi, na mara nyingi hakuambatani na kujikuna. Kwa tumbo peke yake ni vigumu kutofautisha viwili hivyo, na kusema kweli matibabu yake ni yale yale: kuacha kile kinachodhuru.

SWALI: Mimi hununua mfuko mkubwa kwa sababu ya unafuu, naumimina kwenye ndoo yenye mfuniko, na hunichukua miezi minne kuumaliza. Karibu na mwisho paka hukataa kula au hutapika. Je, chakula kikavu huharibika? Na huwa tunasikia habari za vyakula vilivyotiwa sumu, zina ukweli?

JIBU: Huharibika, na wako yaelekea umeharibika. Punje za chakula kikavu hupakwa mafuta kwa nje ili paka azipende, na mafuta hayo, mfuko ukishafunguliwa, hukutana na hewa na kuanza kuchacha. Chukua kiganja cha punje kutoka chini kabisa ya ndoo, uzivunje, uzinuse, kisha unuse za mfuko mpya: zilizoharibika zina ukali unaochoma puani na huacha unata wa mafuta vidoleni. Paka, mwenye pua kali kuliko yetu, alikwisha kukujulisha kwa kukataa kula. Nunua mfuko utakaokwisha katika wiki 6 hivi, uuweke mahali pakavu pasipo joto, na ukitaka kutumia ndoo, uingize mfuko wenyewe ndani yake badala ya kumimina, kwa sababu mafuta ya zamani hubaki kwenye kuta za ndoo na kuambukiza chakula kipya harufu, na pia kwa sababu namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki nawe. Chakula cha kopo kilichofunguliwa kikae kwenye jokofu na kiishe ndani ya siku 3 hivi. Kilichobaki kwenye bakuli kwa saa chache kitupwe.

Habari za sumu zina ukweli, japo matukio makubwa ni machache. Mwezi Machi 2007 aina nyingi za vyakula vya paka na mbwa ziliondolewa sokoni huko Marekani na Kanada baada ya kubainika kwamba gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali inayofanya kipimo cha protini kionekane kikubwa. Melamini na asidi ya sianuriki, kemikali nyingine iliyokuwamo, zilikutana ndani ya figo na kutengeneza fuwele zilizoziba mirija yake. Wanyama walianza kwa kutapika na kukosa hamu ya kula, na wengi walikufa. Mwaka 2021 nchini Uingereza mamia ya paka walipatwa na upungufu mkubwa wa seli za damu, baadhi ya vyakula vikavu vikarudishwa kutoka madukani, na sumukuvu za T-2 na HT-2 zikakutwa katika baadhi ya sampuli. Angalia kwamba katika matukio hayo mawili kilichoua si kuharisha. Tumbo, pale lilipohusika, lilikuwa dalili tu, na madhara yenyewe yalikuwa kwenye figo au kwenye uboho. Ndiyo maana nasisitiza namba ya toleo. Paka zaidi ya mmoja wakiugua kwa pamoja baada ya kufungua mfuko mpya, acha kuwapa mara moja, lakini usiutupe: funga, uweke kando, mwonyeshe daktari, na uwaarifu waliokiuza na mamlaka inayosimamia vyakula vya mifugo. Mfuko uliotupwa hauwezi kupimwa.

SWALI: Nimeamua kuacha vyakula vya viwandani. Nampa paka wangu minofu ya kuku na samaki tu, mara mbichi mara iliyochemshwa, na tumbo lake limetulia. Kuna ubaya gani?

JIBU: Tumbo kutulia ni habari njema, na inawezekana ulichokiondoa kilikuwa kinamdhuru. Lakini mlo wa mnofu mtupu una upungufu ambao tumbo halitaulalamikia. Hauna kalsiamu ya kutosha kulingana na fosforasi yake, na baada ya miezi mifupa hulipa deni hilo, hasa kwa paka anayekua. Paka pia hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho anachokipata kwenye nyama, na sehemu ya taurini iliyomo ndani ya nyama hutoka na kupotelea kwenye maji ya kuchemshia. Upungufu wake huharibu retina ya jicho na kuudhoofisha msuli wa moyo. Jambo hilo la moyo lilibainishwa mwaka 1987 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, tena kwa paka waliokuwa wakila vyakula vya viwandani vya wakati huo, na watengenezaji wakalazimika kuongeza taurini. Kwa hiyo viwanda vimewahi kukosea, na hilo sitalificha, lakini kosa lao lilionekana na kusahihishwa kwa sababu maelfu ya paka walikula mlo mmoja unaojulikana. Kosa la jikoni kwako halitaonekana na mtu mpaka paka aanguke.

Ubichi nao una hatari zake. Samaki kadhaa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyepungukiwa nayo hupoteza hamu ya kula, hutapika, kisha huinamisha kichwa kifuani na kupata degedege. Nyama mbichi hubeba Salmonella, ambayo humharisha paka na wewe pia, na mwezi Desemba 2024 paka wa ndani huko Oregon, Marekani, alikufa kwa homa ya mafua ya ndege ya H5N1 iliyotokana na chakula kibichi kilichogandishwa. Ukitaka kuendelea kumpikia, mwombe daktari mwenye ujuzi wa lishe akuandikie mlo wenye vipimo vya taurini, kalsiamu na vitamini. Ukirudi dukani, tafuta kwenye lebo maneno yanayosema kwamba chakula ni kamili kwa paka wa umri fulani. Kilichoandikwa kuwa ni cha nyongeza au kitafunio hakikukusudiwa kuwa mlo, na cha mbwa hakimfai paka kabisa.

SWALI: Paka wangu ana miaka 13. Anakula sana kuliko zamani, lakini anakonda, anatapika na kinyesi ni laini. Nimhamishie chakula cha paka wazee?

JIBU: Usimhamishie chochote kwa sasa. Paka mzee anayekula sana huku akikonda yuko katika hali ambayo kwanza humfanya daktari afikirie tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi, ambayo huongeza njaa, huharakisha mwendo wa utumbo na kuuchosha moyo. Hupimwa kwa damu na hutibika. Kisukari, figo, kongosho, uvimbe sugu wa utumbo na saratani ya limfoma navyo vimo katika orodha ya kuchunguzwa. Kubadili chakula kabla ya vipimo kutakula wiki ambazo paka huyu hana za kupoteza.

SWALI: Je, ninaweza kumpa dawa ya kuzuia kuharisha tunayotumia sisi watu, kwa kipimo kidogo?

JIBU: Hapana. Loperamidi huweza kumpandisha paka wazimu kwa msisimko, dawa zenye bismuthi huwa na salisilati ambayo ini lake huichelewesha mno kuitoa, na parasetamoli, ambayo wengine huongeza wakidhani ana homa, kidonge kimoja chatosha kumuua. Baadhi ya bakteria rafiki waliotengenezwa kwa ajili ya paka wameonekana kusaidia kuharisha kwa siku chache, na hao unaweza kumuuliza daktari wako.

SWALI: Dume wangu tangu jana anaingia kwenye mchanga kila mara, anajikamua huku akilia, na hatoi kitu. Nadhani chakula kipya kimemfunga choo. Nimeanza kumwongezea mafuta kwenye chakula. Niongeze kiasi gani?

JIBU: Acha mafuta, na umpeleke kwa daktari leo hii hii, hata kama ni usiku. Dume anayejikamua bila kutoa kitu mara nyingi hajafungwa choo bali mkojo, kwa sababu mrija wake ni mwembamba na huzibwa na fuwele au ute. Ndani ya siku moja hadi mbili potasiamu hupanda katika damu na moyo husimama. Swali hili tulilijibu kwa simu siku lilipotufikia. Tunalichapisha kwa ajili ya wengine watakaoona dalili hizo na kudhani ni tumbo.